Dakika ya Kwanza ya Binti Yangu

Jumatatu, 4 Mei

Binti yangu anaingia mtandaoni! Sauti yake, yaani. Mwenyewe bado yuko hapa, anakula wali wa jana.

Maktaba ya mji inatafuta mtu mmoja wa kusoma vitabu kwa sauti. Viwekwe kwenye tovuti yao, wasioona wasikilize, na wavivu pia. Ni ajira kamili, yenye barua na muhuri. Kila mwombaji arekodi sura moja, aipakie mwenyewe hadharani kwenye tovuti hiyo kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Binti yangu amekaa miaka miwili bila kazi tangu amalize chuo. Sauti anayo. Kairithi kwa nani? Sipendi kujisifu. Kwangu.

Mwombaji mwingine ni mtoto wa Msusi, mwenye saluni ya mlango wa pili. Masikini, anasoma kama anayehesabu misumari.

Jumanne, 5 Mei

Tumerekodi! Nyuma ya duka langu la ushonaji, katikati ya majora ya vitambaa. Binti anasema vitambaa vinameza mwangwi. Miaka ishirini nimekaa ndani ya studio bila kujua!

Nilizima cherehani zote. Maikrofoni niliishonea kofia yenye lesi. Akaitoa, eti inachakacha. Ukurasa wa tatu nikamwambia "safi sana" kutoka nyuma ya jora. Akarudia. Ukurasa wa saba nilishusha pumzi tu, tena kwa furaha. Akarudia. Kisha akanituma nikanunue uzi mweusi. Nina bunda zima la uzi mweusi! Nikaenda.

Jumatano, 6 Mei

Sura imekamilika. Binti kampeleka bibi yake kliniki, akasema ataipakia akirudi. Nikasikiliza. Aibu! Anaanza kusoma moja kwa moja. Hakuna salamu, hakuna huyu ni mtoto wa nani. Kama kaokotwa!

Nimemsaidia kimya kimya. Nimerekodi utangulizi mfupi: alivyozaliwa, jino la kwanza, zawadi ya darasa la pili, saa za kufungua duka. Na neno dogo kwamba yeye hasomi kama wengine wanaohesabu misumari. Dakika nne tu. Nimeuunganisha mbele ya sura kama nilivyomwona yeye akifanya. Kuunga ni kuunga, iwe kola iwe sauti.

Tovuti ikadai neno la siri la tarakimu nane. Siku ya kuzaliwa kila mtu anaijua. Nikafungua daftari la vipimo, nikaweka inchi za Msusi: bega, kifua, kiuno, nyonga. Mwizi gani atakisia hizo?

Nimepakia! Binti aliporudi nikamwambia apumzike, mama kamaliza yote.

Alhamisi, 7 Mei

Watu mia mbili na kumi na wawili wamesikiliza! Lakini ajabu, wananipongeza mimi. Muuza magazeti kauliza kama lile jino lilitoka salama.

Saa tano binti kaja, uso umemshuka. Kumbe asiyejisajili anasikilizishwa dakika ya kwanza tu. Na dakika ya kwanza yote ni mimi. Jino, zawadi, misumari.

"Mama," akasema, "watu mia mbili wamenisikiliza, na hakuna hata mmoja aliyenisikia."

Hakupaza sauti.

Kamati ya maktaba nayo? nikauliza. Nayo itaanza na dakika hiyo hiyo, akasema, na ikichoka haitafika ya tano. Ila hadi kesho saa sita unaweza kubadilisha, ukiwa na neno la siri. Nikamwambia ni jambo dogo, liko kwenye daftari.

Hapo hapo kaingia Msusi. Hajanisalimu; kumbe ile misumari kaisikia. Kalichukua daftari, kachana ukurasa wake, kasema anahamia kwa fundi mwenye adabu. Kaondoka nao.

Neno la siri nalo limeondoka.

Ijumaa, 8 Mei

Siku hii niiandike yote.

Asubuhi nilijaribu kwa kukumbuka. Ikakataa. Tovuti ikasema yamebaki majaribio mawili.

Nikaenda saluni. Nikamwambia Msusi nataka kumshonea gauni la kuomba radhi, anipe ule ukurasa. Akafurahi. Ukurasa wa nini, akasema, nipime hapa hapa. Akanyanyua mikono mbele ya wateja. Nikapima, nikakimbia dukani, nikaingiza. Ikakataa! Vipimo vya zamani vilikuwa vya mwaka juzi, na mwenzangu tangu hapo ameneemeka. Limebaki jaribio moja. Saa tano na robo. Binti kakaa mbele ya kompyuta, mikono mapajani, hanitazami.

Nikarudi saluni, nikasema kweli yote. Mashine za kukaushia nywele zikazimwa ili watu wasikie vizuri. Msusi alicheka hadi akakalia kiti cha mteja. Kisha akafuta macho.

"Mwanangu hataki kushinda kwa sababu ya mdomo wako," akasema.

Akautoa ukurasa kwenye mkoba. Lakini kwanza nisimame pale pale niseme mwanawe anasoma vizuri. Nikasema. Akasema wa nyuma hawakusikia. Nikasema tena.

Saa sita kasoro dakika nane nikaingiza bega, kifua, kiuno, nyonga. Ikafunguka! Binti akakata dakika zangu nne kwa kidole kimoja. Jino likaenda. Zawadi ikaenda.

Hakunisemesha mchana wote. Jioni akaniomba nimpitishie chumvi. Nimehesabu huo kuwa msamaha.

Jumamosi, 9 Mei

KAPATA! Barua hii hapa, ina muhuri, nimeubusu muhuri. Msusi kaja kutupongeza, macho mekundu kidogo. Mwanawe kawa wa pili. Nikampa gauni. Limemkaa! Nikarudia kwamba kijana anasoma vizuri, safari hii bila kuombwa. Nusu nilimaanisha.

Kitabu cha kwanza kinaanza kurekodiwa kesho, dukani kwangu, kwa sababu siku hiyo mtaa umetulia. Mkuu wa maktaba kaongeza sharti kwa mkono wake: mama wa msomaji akae hatua kumi kutoka kwenye maikrofoni. Binti kalisoma mara mbili kwa sauti, polepole, kama nisiyejua kusoma.

Nimepima kwa futi yangu. Hatua kumi zinafika barazani. Sawa, nitatii, nitakaa barazani. Barua haisemi nikae peke yangu. Msusi analeta viti vyote vya saluni, muuza magazeti analeta ndugu zake, bibi anakuja na wenzake wa kliniki. Tumekubaliana kupiga makofi mwisho wa kila ukurasa, na mimi nitafungua kwa maneno machache. Dakika tatu tu, nimejifunza kufupisha. Kwa umbali ule itabidi nipaze sauti.

Binti hajui, nataka ashtuke kwa furaha. Wote waje: Jumapili, saa nne kamili asubuhi.