Kumwibia Shemeji Gitaa kwa Macho

Jumatatu, 6 Juni
Alsace nzima, huku Ufaransa, hakuna anayenipita kwa gitaa. Haya, tuseme kambini kwetu, kwenye magari-nyumba. Haya, tuseme wazee, na wazee ni wawili tu: mimi na shemeji Fisto. Ananipita! Jumamosi mjukuu wangu Lisla anaolewa. Mmoja wetu ataongoza nyimbo, mwingine atakaa nyuma kugonga mdundo mpaka mkono ufe ganzi. Mke wangu Dotzi kamchagua kaka yake. Ati bibi harusi anataka watu wacheze, si wakimbie.

Jumanne, 7 Juni
Nimeijua siri ya Fisto! Hapigi sauti zote kwa mkupuo. Anazichambua moja moja, kama anapanda ngazi. Na kabla ya kila kidato anabisha hodi: kidole kinagusa pingili ya jirani, ile nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa, chini kidogo, ndipo kinaingia nyumbani. Hodi, karibu! Hodi, karibu! Utamu mtupu. Nikamwomba anifundishe. Akasema afadhali amfundishe kuku wake, yule angalau ana kucha.

Alhamisi, 9 Juni
Nimejibanza dirishani kwa gari-nyumba la Fisto. Kwetu hakuna asomaye muziki. Mtu huiba kwa macho. Wimbo wote wa harusi nimeumeza, pingili kwa pingili.

Jumamosi, 11 Juni
Harusini nilimpelekea Fisto kalunguyeye wa kuchoma, mafuta yanachuruzika. Alipokwenda kunawa, nikakalia kiti chake, gitaa langu mkononi! Zandlo, mpiga kodiani wetu, akafungua kodiani. Nikaanza. Balaa! Kila sauti yangu imepanda kuliko ya kodiani. Fisto, mdomo umejaa, akapiga kelele: shemeji, we mwizi gani? Nyuzi zangu nimezilegeza kwa ajili ya vidole vizee, ndiyo maana nashika pingili moja juu! Nikatelezesha kidole pingili moja chini. Vidole vikarudia kosa. Nikateleza tena. Kosa, teleza, nyumbani! Kosa, teleza, nyumbani! Watu wakalipuka kwa mayowe. Wakadhani nabisha hodi kwa mlango wa juu! Lisla akavua viatu, akacheza. Fisto akagonga mdundo nyuma yangu, kacheka mpaka machozi.

Jumapili, 12 Juni
Fisto kaja na heshima zake, kauliza ile hodi ya juu nimeitoa wapi. Nikasema ni elimu ya ukoo. Dotzi anasema sasa nijifunze kwa masikio. Masikio! Nina macho mawili mazima, na Zandlo ana ujanja wake kwenye kodiani. Tatizo dirisha lake liko juu. Nikamwambia: Fisto, kumbuka nani alikusukumia gari lilipokwama topeni. Basi kesho njoo uiname pale chini, nikupande mgongoni. Kidogo tu.