Manowari Ishirini na Sita Sebuleni Kwangu

Maskati,
12 Shaaban 1388

Kwa shemeji yangu Mahfoudh, mkubwa wa nyumba yetu, huko Kuwait,

Assalaam alaykum. Sisi sote wazima wa afya isipokuwa ukuta wa sebule, nao ndio ulionikalisha kitako kukuandikia.

Nduguyo Harub unamjua. Wakati wa vita alikuwa karani wa bandari Kilindini, akawangoja Wajapani miaka mitatu na Wajapani wasifike. Sasa amewaleta mwenyewe. Amechora manowari zao ishirini na sita ukuta mzima, kila moja na mstari wake, tangu iliposhushwa majini mpaka ilipozama: buluu ikiwa safarini, manjano ikiwa matengenezoni, nyekundu ikipigwa, kisha alama nyeusi. Majina ameyaandika kwa hati nzuri ya Kiarabu. Malalamiko yangu ni haya.

1. Anajua manowari Akagi ilikuwa wapi kila siku ya mwezi wa nne, mwaka 1942. Siku aliyozaliwa binti yake Nasriya huja kuniuliza mimi.

2. Makabati yangu mawili yametolewa uani ili vita vya Midway vipate nafasi. Kuku wanataga ndani yake.

3. Manowari moja, Shinano, ilizama siku kumi tu baada ya kukabidhiwa. Siku alipomaliza mstari wake Harub hakula. Mama yangu alipofariki alikula pilau mara mbili.

4. Hili ndilo kubwa. Jumatatu walikuja watu wa Sib kumposa Nasriya. Wale humwuliza mtu nasaba kabla ya hali. Walipoona majina, mistari na miaka ya kufa, wakadhani ni shajara ya ukoo wetu. Mzee wao Marhoon akahesabu waliokufa mwaka 1944, akatokwa na machozi. Wakanyanyua mikono, wakazisomea Fatiha manowari zote ishirini na sita. Mimi niko nyuma ya pazia, nasikia nduguyo akiitikia amina!

Wakaondoka bila ya kutupa jibu. Nani atamwoa binti wa ukoo ambao hakuna aliyefika miaka arobaini? Nasriya analia tangu siku ile, nami nalia naye.

5. Nilipomwuliza Harub kwa nini hakuwaambia kweli, akasema hajapata wageni wanaosikiliza vizuri namna ile.

Kwa hiyo nakuomba, kwa ukubwa wako, umwandikie amri kali ukuta upakwe chokaa kabla ya Ramadhani. Mimi sitamwoza mwanangu kwa nasaba ya uwongo, hata akiota mvi nyumbani.

Nisalimie Bi Kheiria, watoto, na majirani zako wote, hata nisiowajua.

Ni mimi shemejiyo mwenye subira,
Mahbuba

Baada ya sahihi: Barua ilikuwa bado inangoja mtu wa kuichukua, na watu wa Sib wamerudi leo. Wanasema miaka ile ni ya vita, na ukoo uliofia vitani wote, asikimbie hata mmoja, ndio wanaoutaka. Nikahi ni Mfungo Mosi, inshallah. Chokaa iache. Wakikuandikia kukuuliza, Akagi ni babu yenu mzaa baba, na alikuwa hakosi swala.