Nyumba za Katsuva Chini ya Avoka

Jumatatu, 6 Oktoba 2003
Nimepata kazi! Kwa umri huu! Madame Priscille wa shirika la maji amekuja na picha ya Bunia iliyopigwa kutoka ndani ya ndege. Mji mzima kwenye karatasi. Ila kuna madoa meusi: vivuli vya kuta, majani ya miti. Ndege haikuona kilicho chini. Anataka muzee anayejua avenyu yetu apite kila doa, aandike kama kuna nyumba. Nikamwambia mimi nimezeekea hapa, tena nimesoma hadi ya nne primeri. Akanipa kalamu ya risasi na kofia. Mke wangu Angélique anasema kofia ni nzuri, shida ni kichwa.

Jumanne, 7 Oktoba
Madoa manne tayari. Jiko. Choo. Choo. Mbuzi (nimemwandika pia).
La tano: mti wa avoka wa Katsuva, seremala. Umefunika parsele nzima, nyumba yake na vibanda vinne alivyojengea wakimbizi wa Djugu. Mwenyewe alikuwa mlangoni. Akaniuliza mbele ya watu: ile shirika imekosa mutu mwenye macho mpaka inachukua weye muzee, weye mwenye jana ulishindwa dama mara tano? Watu wakacheka. Alphonsine, mkimbizi mwenye mimba, alicheka mpaka akashika tumbo.
Sawa. Nimeandika: MTI TU. Kwenye karatasi, Katsuva hayuko tena Bunia! Nimekula vizuri leo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Balaa. Kumbe robine ya kuchotea maji inapewa avenyu yenye nyumba thelathini! Yetu ina ishirini na saba. Nikahesabu kwa vidole. Pamoja na tano za Katsuva, thelathini na mbili. Robine inakwenda mtaa wa Nyakasanza. Wanawake wetu wataendelea kushuka mtoni, kwenye ile njia ya wenye bunduki. Angélique akamtukana kipofu wa ofisini aliyehesabu. Nami nikamtukana. Kwa sauti.

Ijumaa, 10 Oktoba
Alphonsine alishuka mtoni asubuhi. Wenye bunduki wakamnyang'anya bidoni ya maji, akakimbia, akaanguka. Mkunga anasema mtoto bado anacheza tumboni, lakini mama asinyanyuke kwenye mkeka. Katsuva amekuja kuazima bidoni kwangu ili ateke mwenyewe. Hakunitania hata neno moja. Afadhali angenitania. Nikampa bidoni zetu zote mbili. Nimeshindwa kula.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nimekwenda kwa Madame kutubu. Njiani nilipanga maneno yote: hasira, dama, kicheko. Nilipofika nikasema jua lilinichoma macho. Mimi muzee wa ovyo kabisa! Akanitazama sana. Akasema bomba la Nyakasanza halijachimbwa, nirudishe karatasi iliyosahihishwa Jumatatu. Ila akanionya: atakwenda kukagua mwenyewe, na avenyu ikikutwa na uongo hata wa nyumba moja, inafutwa kabisa. Nikaapa kwa mama yangu.
Jioni nimempelekea Alphonsine maji. Akanishukuru, akaniita baba. Nikaangalia chini.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimefuta MTI TU. Nimeandika: nyumba tano, watu kumi na tisa. Thelathini na mbili jumla. Robine ni yetu! Misani niliimba kwa nguvu, Angélique akaniuliza kama ninaumwa.
Lakini tumerudi nyumbani, nimekaa na karatasi, nimefikiri. Robine moja itawekwa kule kwa Katsuva. Alphonsine akishapona atatembea hatua kumi, vizuri sana. Na Angélique wangu, mwenye magoti mabovu? Nyumba thelathini, robine moja. Basi sitini, robine mbili! Zinakosekana ishirini na nane tu.
Na nyuma ya nyumba yangu kuna doa kubwa jeusi, mikaratusi ya misheni. Chini yake ni makaburi. Nimekwenda kuyahesabu. Ishirini na tisa! Nimeandika ishirini na nane, nisionekane na tamaa. Tena nimeandika kwa wino.
Madame akija kukagua, nitamwambia watu wa kule ni wapole, hawapendi kusumbuliwa.