Samli Kwenye Kitasa cha Mwenyekiti

Jumatatu, 4 Agosti 1975
Kitasa cha Land Rover ya kijiji kimegoma tena, mlango wa abiria. Mwenyekiti wetu, Mzee Wangwe, kapandia upande wa dereva. Tumbo likabana usukani, honi ikalia. Kina mama kisimani hoi kwa kicheko! Mzee kafoka: atakayekitengeneza kabla mgeni wa wilaya hajaja Ijumaa, ndiye atakayeendesha gari hili. Dereva Owiti kanywea. Mimi, tingo wake, moyo ukanidunda. Miaka yote nakula vumbi nyuma na magunia. Usukani ule nautaka mpaka nauota.

Jumanne, 5 Agosti
Owiti anasema kitasa kioshwe kwa mafuta ya taa, kikauke, kisha kitiwe unga wa penseli. Eti, omera, ndugu yangu, Kisumu ndivyo wanavyofanya. Kwake kila kitu Kisumu! Penseli ni ya watoto wa shule. Mimi nimekulia zizini Nyanungu, najua kinacholainisha. Nimechota samli kwenye kibuyu cha mke wangu Nyangi, nikaiyeyusha, nikaimimina tunduni. Ufunguo umezunguka kama hauna kazi! Mzee kaniita fundi mbele ya Owiti. Raha iliyoje.
Iliyobaki nimetia mlango wa dereva, isiharibike bure.
Nyangi kauliza nani kapunguza samli ya wageni wa mahari ya mdogo wake. Nikasema paka. Kauliza paka yupi. Kweli, hatuna paka.

Jumatano, 6 Agosti
Ng'ombe wa jirani yetu Mseti wamelikuta gari, wameramba mlango mpaka unang'aa. Mchana tukaenda Ringwani, vumbi tupu. Jioni ufunguo ukawa mzito kidogo. Nimeongeza samli. Owiti ananiangalia anatabasamu. Wivu huo!

Ijumaa, 8 Agosti
Sitaki kuandika. Naandika.
Asubuhi baridi kali. Mimi kwenye usukani, Mzee na mgeni pembeni yangu. Tumefika shamba la ujamaa, kina mama wanaimba. Mlango wa abiria, kimya. Wa dereva, kimya! Kina mama wakarudia wimbo. Wakaurudia tena. Mgeni akavuka kiti, akatokea nyuma kwenye magunia, suti imegeuka nyeupe kwa unga. Mzee akajaribu kumfuata, akanasa.
Owiti akaitwa. Mafuta ya taa, unyoya wa kuku, penseli ya mwalimu Felistas. Kikatoka kitope cheusi kinachonukia samli. Nyangi alikuwa anaongoza wimbo. Akanusa, akauacha wimbo, akanitazama. Nilitamani kubaki mle garini.

Jumapili, 10 Agosti
Owiti karudi kwenye usukani. Mimi nimepelekwa kulinda ghala la mbegu. Nyangi ananipa ugali mkavu bila mboga. Roho inaniuma, sifichi.
Nimetafakari kanisani muda wote wa mahubiri, na kosa nimeliona. Ile samli ilikuwa nyepesi! Chuma kinataka mafuta ya mkia wa kondoo.

Jumatatu, 11 Agosti
Kufuli la ghala lilikuwa gumu. Nimelijaza mafuta ya kondoo mpaka yakafurika. Linateleza ajabu! Mzee akiliona, usukani unarudi kwangu.
Bahati nzuri kaja mwenyewe asubuhi hii. Nimemwamkia shikamoo, kaitikia kwa shingo upande, kaingia kukagua mbegu. Nimemfungia kidogo tu, ili nikimaliza kuandika hapa nimwonyeshe linavyofunguka.