Baiskeli ya Marehemu Mjomba

Silvano alimwona yule mwanamke kabla mwanamke hajaiona baiskeli, na katika biashara yake huo ndio mpangilio unaotakiwa. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye soko la mitumba, kando ya stendi ya Masasi, mkoba begani, akitazama safu ya baiskeli kuukuu kwa macho ya mtu anayejua anachotaka na anajua pia kwamba mfuko hautoshi. Viatu vyake vilikuwa vya kazini, vimepigwa kiwi. Mtumishi wa serikali, Silvano akaamua. Tena si wa hapa. Wa hapa huanza kwa salamu. Huyu alianza kwa kubonyeza matairi.

Biashara yenyewe inahitaji maelezo. Silvano alikuwa na baiskeli moja tu. Ilikuwa ya gia, ya kupandia milima, fremu ya alumini, breki za diski, shokapu mbele na shokapu nyuma. Alikuwa ameiuza mara nne, na bado ilikuwa yake.

Siri ilikuwa kwenye shokapu ya nyuma. Haikuwa ya springi, ilikuwa ya upepo, na sili yake ya mpira ilikuwa imechanika. Pampu ya kawaida haikuwa na nguvu ya kuijaza. Silvano alikuwa na pampu yake maalumu, fupi, yenye saa ya kipimo, iliyokuja pamoja na baiskeli kwenye mtumba. Masasi nzima haikuwa na nyingine. Akiijaza shokapu asubuhi, baiskeli ilisimama imara kwa muda unaotosha kujaribiwa, kupendwa na kulipiwa. Baada ya hapo ilianza kupiga magoti. Mnunuzi alipeleka kwa fundi, fundi aliyezoea baiskeli za kubebea mkaa akatikisa kichwa, na baada ya siku chache Silvano alipita mtaani kwa bahati, akasikitika, akajitolea kuliondoa lile balaa kwa robo ya bei. Mwalimu mmoja kutoka Mbeya, Nickson, alimshukuru kwa moyo wake wa huruma na kumsindikiza hadi barabarani.

Baiskeli ile ilikuwa mtaji wake, duka lake na ghala lake. Bila hiyo Silvano alibaki na mdomo, na mwenye nyumba wake hapokei kodi kwa mdomo.

"Dada, hizo zimeshachoka," alisema akimsogelea. "Hizo hata ukizisukuma zinakuomba upumzike. Wewe unatafuta nini hasa?"

"Yenye shokapu pande zote mbili," alijibu mwanamke. Jina lake lilikuwa Brigita, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha taarifa ya habari. "Kazi yangu ni kushuka mabondeni na kupanda tena. Ya miguu migumu nimeitumia mwaka mzima, sasa mgongo unadai haki yake."

"Mgongo ni serikali, dada. Ukigoma, nchi imesimama. Njoo."

Baiskeli ilikuwa imesimamishwa kando ya meza ya mama muuza chai, kivulini, imefutwa mafuta, imejaa upepo. Brigita aliizunguka. Silvano akashusha sauti, akashusha na mabega.

"Hii si ya biashara. Ni ya marehemu mjomba wangu. Aliachiwa na daktari mmoja Mjerumani aliyekuwa akirudi kwao. Mimi kila nikiiona, chakula hakipiti."

Mjomba, kwa Wamakua kama kwa Wamakonde, si ndugu wa pembeni. Ndiye mwenye wapwa. Baba mzazi mwenyewe humpisha kiti. Kwa hiyo mali ya mjomba aliyekufa haiuzwi na mpwa mmoja kando ya meza ya chai. Ukoo hukaa kwanza. Silvano alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu hadithi hii aliwauzia watu wa mikoa mingine tu. Wao hawakuona kasoro ya mila. Waliona huzuni, na mtu mwenye huzuni ni vigumu kumuuliza risiti.

"Pole sana," alisema Brigita. "Alifariki lini?"

"Mwezi wa tatu. Presha."

"Alikuwa wa hapahapa?"

"Asili yetu hapa. Ila alioa huko juu Newala, Mnyambe, akahamia kwa mke. Mzee Anthony."

Mwongo stadi hajengi hewani. Silvano kweli alikuwa na mjomba Mnyambe, kweli alioa huko, kweli aliitwa Anthony. Katika habari yote alikuwa amebadilisha jambo moja tu.

Brigita alirudia jina. "Mzee Anthony. Wa Mnyambe."

"Huyo huyo. Mungu amrehemu."

"Amina," alisema Brigita, kwa sauti ya mtu aliyejaza maji mdomoni.

Akainama, akaikandamiza siti kwa kiganja, akatega sikio karibu na shokapu.

"Inapuliza nini humu?"

"Upepo wa milimani huo, dada. Haujazoea joto la Masasi."

Brigita akapanda, akazunguka stendi, akarudi. Akaitupia shokapu jicho la mwisho. "Nina laki mbili. Hata nikitikiswa haidondoki nyingine."

"Laki mbili? Bei ni laki nne, nayo naitaja kwa haya! Marehemu akisikia laki mbili atafufuka."

"Akifufuka tutaongea naye."

Walivutana hadi chai ya watu wawili ikapoa. Mwishowe Silvano alikubali, akiwa na uso wa mtu aliyekatwa kidole, huku moyoni akihesabu kwamba mauzo ya tano ni mauzo ya tano. Brigita akatoa simu.

"Sharti moja. Kitu cha marehemu naogopa kukinunua kimyakimya. Useme mbele ya mama huyu ni ya nani, mimi nirekodi."

Silvano alisema. Aliweka mkono kifuani, akamtaja Mzee Anthony wa Mnyambe kwa jina, akaeleza alivyokuwa mtu wa watu, akaeleza mazishi yalivyofurika. Mama muuza chai alijifuta macho kwa upindo wa khanga. Baiskeli ikapandishwa juu ya basi la Newala, na Silvano akaenda kula kuku, maana chakula sasa kilipita.

Hakupita mtaani kwa bahati safari hii. Alipigiwa simu; namba alikuwa amempa Brigita kwa hiari yake.

"Baiskeli yako imelala chini," alisema Brigita. "Imekaa kama mbuzi."

"Aa, pole, dada yangu! Roho inaniuma. Nitakuja mwenyewe niichukue, nikurudishie chochote kitu. Uko Newala mjini?"

"Nipo kazini, Mnyambe."

Silvano aliisogeza simu mbali na sikio. Lakini Mnyambe ni kata nzima, si kibaraza, na mjomba alikuwa hajamwona tangu alipokuwa bado hajaota ndevu. Angevaa kofia. Akaweka mfukoni fedha zake zote, za Brigita pamoja na akiba ya mauzo ya nyuma, kwa kuwa tapeli haamini benki. Akachukua na pampu. Hesabu yake ilikuwa kuijaza baiskeli hukohuko juu na kuiuza Tandahimba kabla jua halijazama.

Kuna mambo ambayo hesabu hiyo haikuyagusa. Brigita alikuwa Mmakonde wa Mkunya, hukohuko Newala; Kiswahili kile alikipata chuoni Dar es Salaam, si kwao. Kazi yake ilikuwa ufundi wa mitambo inayosukuma maji kutoka mabondeni hadi juu uwandani, na mtu anayeishi na pampu hahitaji kuambiwa sauti ya sili iliyochanika. Aliisikia pale pale stendi, akaona kwamba kwa laki mbili hatapata nzima, akaamua kununua mbovu yenye fremu nzuri. Mwenyekiti wa kamati ya maji ya Mnyambe alikuwa mzee mmoja wa Kimakua, mbishi, mpenda uji wa ulezi. Wiki ile ile Brigita alikuwa amekunywa naye uji. Jina lake lilikuwa Anthony.

Bodaboda ilimshusha Silvano kwenye nyumba aliyoelekezwa. Alisikia vilio kabla hajafungua mlango wa ua.

Wanawake walikuwa wamefunga khanga viunoni. Sufuria kubwa la wali lilikuwa jikoni. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani, imeinama nyuma kama mwombaji. Katikati ya ua, juu ya mkeka, alilala mtu mrefu aliyefunikwa shuka nyeupe hadi kidevuni, macho yamefungwa. Silvano aliitambua pua. Ilikuwa pua ya mama yake.

Kwa mara ya kwanza maishani alihofu kwamba amesema kweli.

"Mpwa kafika!" alipiga kelele mwanamke mnene aliyeshika mwiko. Alikuwa Mama Imakulata, mke wa Mzee Anthony. "Mpwa wangu, kumbe mimi ni mjane tangu mwezi wa tatu na hakuna aliyenipa taarifa! Miezi yote hii namsongea ugali marehemu, na marehemu anaomba aongezwe!"

Wanawake wakalia kwa kishindo. Wawili walikuwa wakilia kwa kicheko.

"Karibu msibani, mtani," alisema Brigita, akimvua kofia.

"Mtani?"

"Mimi Mmakonde wa Mkunya. Wewe Mmakua wa Masasi. Msiba wa Mmakua tunausimamia sisi, au huko kwenu siku hizi mnajizika wenyewe?"

Silvano alielewa, akautazama mlango wa ua. Utani ni sheria. Kwenye msiba watani huingia, hushika wafiwa, huchukua vitu, hudai fidia, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, fidia huongezeka. Wanawake wawili walikuwa wameshamfunga kamba kiunoni, mwisho wa kamba ukiwa mkononi mwa Mama Imakulata. Brigita akabonyeza simu, na sauti ya Silvano mwenyewe ikatoka, nzito kwa majonzi: *alikuwa mtu wa watu, mazishi yalifurika...*

Silvano akavutwa kwa kamba. Akaanguka kando ya mkeka, na mdomo, ambao haukuwahi kumwangusha, ukatoa kitu pekee ulichofundishwa utotoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akajibu marehemu.

Mzee Anthony akafumbua jicho moja, kisha la pili, akajiinua, akakaa. "Hujambo, mpwa? Mazishi yangu yalikwendaje?"

"Mjomba, mimi..."

"Watu walikuja wengi?"

"Wengi, mjomba."

"Nani alilia zaidi?"

Silvano akatazama chini. "Mimi."

"Unaona," mzee aliwaambia watu. "Nilisema kijana ana mapenzi."

"Toa rambirambi, mpwa!" alisema Mama Imakulata akivuta kamba. "Mchele si wa bure. Na kuku wale watatu walikufa wakijua wanakufa kwa ajili yako."

Mifuko ikapekuliwa, kwa heshima zote za msiba. Fedha zikatoka. Zote zikawekwa juu ya mkeka, mbele ya marehemu.

"Za huyu mama zirudi kwake," alisema Mzee Anthony, akizisogeza kwa Brigita. "Sikumtuma mtu kuuza kitu changu. Zinazobaki ni za mchele. Na baiskeli yangu nampa aitumie maadamu anatuletea maji. Siku akihamishwa, atairudisha."

"Lakini baiskeli ni yangu, mjomba!"

Wanawake wakageuza vichwa. Hata mwiko ulisimama.

"Yako," alisema mzee polepole. "Basi sema vizuri, watu wakusikie. Kama ni yako, ulimdanganya huyu mama mbele ya shahidi, ukaniua mimi ili umtapeli, na wapo wengine uliowafanyia hivyohivyo. Yupo mwalimu Masasi, fundi wa baiskeli kamtajia Brigita, anaitwa Nickson. Simu yake Brigita anayo. Kama ni yangu, basi wewe ni mpwa tu aliyechanganyikiwa na kifo changu, na tutakusamehe. Chagua."

Silvano alipima. Katika maisha yake alikuwa amewawekea watu wengi mitego, lakini hakuwahi kuona mtego wenye milango miwili iliyo wazi, yote ikiingia chumba kimoja.

"Ni yako, mjomba."

"Nilijua."

Wanawake wakapiga vigelegele. Kamba ikafunguliwa. Wali ukapakuliwa, na Silvano akapewa sahani kubwa, kwa sababu hakuna mtu Mnyambe anayefukuzwa msibani bila kula. Alikuwa amefika nusu ya sahani, akianza kupanga mwalimu gani wa Tandahimba angeweza kumkopesha nauli, ndipo mjomba aliponyoosha mkono, kiganja juu.

"Na pampu."

"Pampu gani, mjomba?"

"Mtani," alisema Brigita, "sili nimeshabadilisha. Nimeikuta duka la vipuri vya pikipiki, bei ya soda. Shokapu sasa ni nzima, imekosa upepo tu, na pampu ya kuujaza nimeitafuta Newala na Masasi nikaikosa. Unadhani nilikupigia simu kwa sababu ya laki mbili? Pampu umeiweka kwenye soksi. Umekuwa ukichechemea tangu ulipoingia."

Silvano aliinama, akaitoa. Brigita aliifunga kwenye valvu, akapampu, akitazama saa ya kipimo. Baiskeli iliinuka taratibu kutoka magotini, ikasimama, na safari hii haikupuliza.

Nauli haikupatikana. Mzee Anthony alisema mpwa hurithi kazi za mjomba kabla hajarithi vitu, na kwamba marehemu alikuwa ameacha mikorosho mingi isiyopaliliwa. Mama Imakulata akamletea jembe.

Silvano alikuwa bado shambani pale karani mmoja mgeni, kijana wa Dodoma, aliposimama njiani kumtazama Brigita akishuka kuelekea bondeni. Baiskeli ilikuwa ikimeza mawe moja baada ya jingine, na mwenyewe ameketi wima kama yuko kanisani.

"Kaka," karani alimwita mpaliliaji, "ile baiskeli unaijua? Inauzwa?"

Silvano alinyoosha mgongo. Aliviona viatu, vimepigwa kiwi. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Ile?" alisema, akishusha sauti, akishusha na mabega. "Ile, ndugu yangu, ni ya marehemu mjomba wangu..."

"Marehemu anasema," ikajibu sauti kutoka mstari wa pili wa mikorosho, "umeruka shina."