Ombi la Kumbadilishia Mburu Babu

Kambi ya Vibarua, Ruiru
7 Januari 1957

Kwa Bwana Meneja wa Shamba,

Nakuandikia nikiwa nimevua kofia, ingawa hunioni.

Tangu usome kile kitabu cha kuzalisha fahali, ukatueleza kwamba urefu wa mtu hutoka katika damu kama maziwa ya ng'ombe, mimi nimekubali. Ulisema sote hapa tunakula posho moja, lakini wengine ni warefu na wengine wafupi; basi tofauti ni ya ukoo, na ukoo mfupi utatosheka na unga nusu. Sina ubishi. Nina malalamiko madogo tu.

1. Karani Barasa alipokuja kuandika watoto, nilimwambia, kwa desturi yetu, kwamba mwanangu Mburu wa miaka kumi, kwa kuwa ana jina la baba yangu, ni baba yangu amerudi. Akauliza urefu wa baba. Kwa majivuno nikasema marehemu alipita chini ya mti wa kahawa bila kuinama. Barasa akaandika hivyo hivyo. Nusu.

2. Binti yangu Wangeci ana miaka miwili, lakini ana jina la mama mkwe wangu, aliyegusa paa kwa mkono. Anapewa posho kamili. Hamalizi. Mburu sasa humwita Cucu, yaani bibi, kwa unyenyekevu, akitumaini makombo. Naona Wangeci aanze kuchuma kahawa, maana bibi mzima hakai bure.

3. Kwa njaa hii Mburu atazidi kuwa mfupi, na kitabu kitakuwa kimesema kweli. Lakini mtoto analia, Bwana, nami siwezi kuzoea.

4. Kwa hiyo naomba Mburu aandikwe upya kwa jina la jirani yetu Absalom, ambaye blanketi la shamba humwishia magotini. Amekubali kuwa babu, ingawa ana miaka ishirini na mitatu na hajaoa. Mama yangu anasema namfukuza baba nyumbani kwa ajili ya unga. Ni kweli, na naona aibu.

Msalimie Memsahibu, Barasa, na fahali wote kwa majina yao.

Ni mimi, niliye tayari kupimwa,
Zacharia wa Mburu, mkata matawi

Nyongeza: Ndugu yangu Bedan wa Thika naye ana Mburu, kwa kuwa sote tulimpa mtoto wa kwanza jina la baba. Walizaliwa mwezi mmoja. Mkewe ni mpishi wa shule, na mtoto anakula maharagwe na maziwa. Walikuja Krismasi, na wa kwangu alimfikia mwenzake begani. Niliwatazama siku nzima. Sura moja, babu mmoja. Basi acha jina, Bwana. Rudisha unga.