Meli Yangu ya Magurudumu Matatu na Daraja la Kijiji

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mama Damari,

Shikamoo kwanza, maana hata mshtakiwa ana adabu zake.

Kwa moyo mzito natangaza kwamba Iramba yetu, isiyopakana na bahari yoyote, imepata ajali ya meli. Chombo ni guta langu la magurudumu matatu. Shehena ni alizeti ya wanakijiji. Kilichogongwa ni daraja letu la mbao, lililopoteza nguzo moja na ukingo wa kushoto. Jogoo aliyekuwa chini yake amepoteza mkia, ila hajaleta malalamiko.

Nasikia mmenifungia kuvuka na mzigo, na mkutano wa Ijumaa utaamua kama ni kwa msimu mzima. Mama, mashine ya kukamua iko Misigiri, ng'ambo ya mto. Nisipovuka, guta litakuwa banda la kuku, na mimi, kwa umri huu na tumbo hili unalolijua, nitarudi kubeba magunia kichwani. Kwa hiyo nalalamika hivi:

1. Mmeniita mzembe. Tumeona wote kwenye taarifa ya habari jinsi meli kubwa za mizigo zinavyogonga madaraja. Umeme ukikatika, injini inazimika, usukani unabaki pambo. Hata nanga ishushwe, uzito ule unaendelea na safari yake. Injini yangu nayo ilizimika, mteremko ukatuchukua. Tofauti ni maji tu, na mto wetu mwezi huu wa saba una mchanga mtupu.

2. Meli ikikaribia daraja hupewa rubani anayeijua njia, na boti za kuikokota. Mimi nilipewa shemeji yangu Chediel, aliyekalia magunia upande mmoja kama kontena lililopangwa vibaya. Ahojiwe kuhusu uzito wake. Kijiji nacho kinunue maksai wawili wa kunikokota kila nivukapo.

3. Nguzo za madaraja ya wenzetu hujengewa vizuizi. Yetu haikuvishwa hata tairi kuukuu.

4. Daraja liliniona nakuja mchana kweupe na halikujaribu kukwepa. Naomba Ijumaa liitwe lenyewe.

Pale mtoni uliniuliza mbele za watu, "Simeoni, bahari iko wapi?" Naomba swali hilo lifutwe, watoto wameanza kulirudia.

Nisalimie wajumbe wote, na wanakwaya waliotusaidia kuchambua alizeti kwenye mchanga. Jogoo pia.

Wako mtiifu, kutoka nchi kavu,
Simeoni, nahodha

N.B. Mke wangu Yustina, ambaye ndiye mleta barua, ameisoma na amegoma kuondoka nayo mpaka niandike ukweli kuhusu kaka yake. Basi, injini haikuzimika. Tukiwa tunashuka, Chediel aliuliza meli inashindwaje kukwepa kitu kikubwa kama daraja. Nikamweleza, hakuelewa. Nikaizima injini ili aone. Akasema, lakini usukani si upo? Nikauachia, mikono yote miwili juu. Yeye hakuwa upande wowote. Alikuwa nyuma yangu katikati, amenishika kola, ananisihi niushike.

Kesho asubuhi nitakuwa darajani na mbao na msumeno. Naomba tu msinifungie, Mama.

Chediel ni mzima. Tulipotua mchangani alitema alizeti, akasema, "Sasa nimeelewa, shemeji."